Upawa wa Rusana

Miaka kumi na tisa Rusana ndiye aliyepika kondoo wa sikukuu ya Mtakatifu Georgi kijijini kwao, huko milima ya Rodopi. Mkristo kwa Mwislamu walikula kutoka masufuria yale yale manne. Yeye Mkristo, lakini kondoo walichinjwa na imamu, na nguruwe siku hiyo hakukaribia jiko. Mdomo alikuwa nao, tena mkali, ila mkono wake waliuamini wote.

Mwaka wa ishirini, nyama imeshaiva, watu wameshika bakuli, akamwona shemeji yake Vakril akilamba vidole.

"Unatafuna nini wewe?"

"Soseji, shemeji. Njaa haijui sikukuu. Niliipasha moto kidogo kwenye upawa wako."

"Soseji ya nguruwe?"

"Sasa ya nini, ya sungura?"

Mama wee! Upawa ule ndio aliokorogea masufuria yote. Akawageukia watu.

"Nyamaza," Vakril akamnong'oneza. "Hakuna aliyeona. Ukisema, mwakani Waislamu watapika kwao na sisi kwetu, kama kijiji cha bondeni. Utakuwa umetutenganisha wewe."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Aliogopa, aliogopa sana. Kisha akamwona Bi Hatije, jirani Mwislamu aliyemlelea wanawe, akipuliza mchuzi auonje.

"Bi Hatije, weka chini! Jamani, wekeni bakuli! Upawa wangu umegusa nguruwe, nami nimekorogea masufuria yote. Jiko ni langu, kosa ni langu."

Jina la Vakril hakulitaja. Mzee Salih, wa upande wa Waislamu, akatema mate chini, akaondoka na watu wake. Waislamu waliobaki wakala mkate na vitunguu. Rusana naye hakugusa nyama; akaenda kukaa karibu na Bi Hatije, ambaye alimenya kitunguu bila kumtazama.

"Ungeweza kunyamaza," Bi Hatije akasema hatimaye.

"Ningeweza."

"Mjinga wewe." Akamkatia kitunguu.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya sikukuu, Rusana alijifungia ndani na aibu yake. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Salih, upawa mpya mkononi, kauchonga mwenyewe.

"Bado umekaa tu? Maji yanachemka."

"Mzee Salih, si kuna wapishi wengine?"

"Wapo. Lakini hao itabidi tuwaulize wameweka nini. Wewe utatuambia bila kuulizwa. Haya, toka, mama, watu wana njaa."

Rusana akaupokea upawa huku analia, akamwuliza kama ameuosha.