Wa Kwanza Mtandaoni, Madumu Yamejaa

Juzi kwenye intaneti kafe mjini Kasulu, muuza asali mmoja alimgeuzia dada yake kompyuta.

"Ukitafuta asali ya Kibondo, mimi ndiye wa kwanza," alisema, akiligusa jina lake kwa kidole.

"Na madumu bado yamejaa ndani," dada alimjibu. "Msimu mpya huo unakuja."

Dada akausoma ukurasa kwa sauti, taratibu: "Asali Kibondo, asali bora Kibondo, nunua asali Kibondo…" Akausogeza hadi mwisho. "Kaka, namba ya simu iko wapi?"

"Fundi aliyenitengenezea ukurasa alisema namba haisaidii kupanda juu kwenye utafutaji."

"Kwa hiyo mteja akupigie filimbi?"

Sisi tuliokaa kompyuta za jirani tulicheka. Nyumbani niliukagua ukurasa ule mstari kwa mstari. Hata neno "karibu" halimo. Tumejua kumwita mgeni hadi mlangoni, tukasahau kumfungulia.