Farasi wa Banda Moja

Niliacha shule darasa la nne. Karo ilikuwepo na akili haikuwa mbaya, ila kukaa mahali pamoja kulinishinda. Nikabeba magunia stesheni ya Kitale, nikachunga kondoo Kachibora, nikahama tena, na miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu nikawa saisi, mtunza farasi, katika shamba la mlowezi mmoja nje ya Kitale. Hapo nilidumu kuliko kwingine. Aliyenifanya nikae ni Mrusi.

Mrusi alikuwa Mzungu maskini. Kazi yake ilikuwa kufundisha farasi wa shamba. Alilala chumba cha bati mwisho wa banda lao, na jioni akala ugali na sisi. Mali yake ilikuwa farasi mmoja, dume wa kijivu aliyehasiwa, mzee kiasi. Ng'ambo ya ubao uliogawa banda alifungwa jike mwekundu wa mwenye shamba. Tukiwapeleka malishoni, hao wawili walisimama kichwa cha huyu penye mkia wa yule, wakifukuziana nzi siku nzima.

Kisha mwenye shamba akamuuza jike kwa daktari wa mifugo aliyehamia Bungoma. Tukampeleka. Akakata kamba, akarudi. Akapelekwa tena, akaruka ua, akarudi kifua kimechanwa na seng'enge. Mwenye shamba alipoingia bandani, mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha jike kidonda.

"Mpelekeni mara ya mwisho," alisema. "Akirudi hapa tena, ni bunduki. Sitakuwa kichekesho cha Kitale nzima."

Alipotoka nilimwambia Mrusi, "Bwana, huyu atarudi."

Kidonda kilipofunga, Mrusi alimtandika dume wake wa kijivu, mimi nikapanda jike bila tandiko, tukashika barabara ya Bungoma. Jike alitembea kwa utulivu, pua karibu na goti la Mrusi. Utulivu huo ndio ulionitia hofu, kwa maana nilijua unatoka wapi na utakwisha lini.

Safari ni ndefu na mimi sijui kunyamaza. Nilimuuliza vita vya farasi vinapiganwaje, maana tulisikia alikuwa askari.

Akanieleza polepole. Nchi yake iligawanyika, Warusi kwa Warusi. Vita ndiyo kwanza vinaanza, hata nguo za kutambuana hazijashonwa. Upande wake walifunga kitambaa cheupe mkononi. Wapanda farasi wa pande zote mbili walikuwa kikosi kimoja hadi juzi tu. Asubuhi hiyo walipangana kwenye uwanda wa majani, mstari huku, mstari kule, panga nje.

"Tarumbeta nalia," alisema, "farasi yote nakimbia. Ya sisi, ya wao. Tarumbeta ni ile moja."

"Halafu?"

"Katikati, farasi yangu naona rafiki yake."

Farasi wake na farasi wa rafikiye aliyekuwa upande ule walikuwa wa banda moja tangu wakiwa wadogo. Wengine kandokando walikatana kwelikweli, watu wakaanguka, lakini hao wawili walipunguza mwendo, wakanusana pua. Juu yao wakabaki marafiki wawili, magoti yanagusana, kila mmoja na upanga mkononi.

"Ulimkata?"

"Yeye nasema, shuka. Mimi nashuka."

Rafiki akashika hatamu za farasi wa Mrusi. Akamwambia kwamba farasi huyo akirudi naye atamleta tena hapo hapo, na mara ya pili huenda atakayekutana naye kwanza ni mtu mwingine, asiye rafiki. Basi Mrusi akavuka uwanda kwa miguu. Farasi wakabaki pamoja. Habari za rafiki hakuzipata tena.

"Na nani alikuwa na haki, bwana? Nyinyi au wao?"

"Uliza watu. Farasi hapana ambiwa habari ya vita."

Kamukuywa tulishuka mtoni kuwanywesha. Mkulima mmoja alikuwa hapo na maksai wake wawili, bado wamefungwa nira, matope ya shamba miguuni.

"Wee saisi! Hao mnapeleka wapi?"

"Jike anabaki Bungoma. Huyu mwingine tunarudi naye."

Alicheka mpaka akashika pembe ya ng'ombe asianguke. "Ati mnarudi naye! Nyinyi bana! Nani anauza maksai mmoja wa nira? Mimi nilijaribu. Aliyebaki alilala katikati ya shamba, akakataa kuamka, mpaka nikaenda kumwomba shemeji yangu anirudishie yule mwingine. Na shemeji alinicheka mbele ya bibi yangu!"

"Hawa ni farasi, si ng'ombe."

"Kwani farasi ana injini?"

Mrusi alisikia Kiswahili chote. Alitazama maji, akakaza mkanda wa tandiko, akapanda. Tangu hapo hadi Bungoma, kwa mara moja maishani, sikuuliza kitu.

Daktari alikuwa ameongeza nguzo na seng'enge mpya. Mrusi aliziangalia kidogo tu. Alishuka, akavua tandiko, akamwingiza dume wa kijivu ndani, akamfunga, kisha akamfunga jike kushoto kwake, kama walivyozoea Kitale.

"Huyu sikumnunua," daktari alisema.

"Huyu hapana uza. Yeye nakaa na jike. Wewe lisha tu."

Alimpapasa dume shingoni, akageuka. Tulirudi kwa miguu. Tandiko alilibeba begani mwenyewe. Baada ya vilima viwili vitatu akanipa bila kuniangalia. Nilimuuliza siku ile ya vita alitembea mpaka wapi.

"Mpaka hapa," alisema.

Jike hakurudi. Wiki za kwanza nilikuwa nikiamka alfajiri nisikilize kwato barabarani. Mvua zilipoanza nikahama, kama kawaida yangu, nikawa turnboi, utingo wa lori la mahindi. Siku moja tulipita Bungoma, nikamwomba dereva asimame kando ya ua wa daktari. Walikuwepo wote wawili, kichwa kwa mkia. Dume alikuwa amekonda nyongani.

Kulikuwa na lori jingine likielekea Kitale. Nikamwita dereva wake nikamwomba apitie shambani kwa Mrusi.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie wanafukuziana nzi."

"Ndiyo habari hiyo?"

"Ndiyo yote."