Shikamoo ya Chali

Nilinunua baiskeli kabla sijajua kuendesha baiskeli, na niliinunua kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema kwamba ninayo.

Nilisema hivyo mbele ya baba wa msichana niliyetaka kumwoa. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi jirani na Himo, huku chini kwenye joto na vumbi, na kwao yule msichana kulikuwa Kilema, juu, kwenye migomba, kahawa na ubaridi. Ziara yangu ya kwanza nilipanda kwa miguu. Nilifika shati limegandamana na mgongo, na mzee akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, umekujaje?" Ningeweza kujibu ukweli. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimevaa bugaluu mpya, suruali pana miguuni, na mbele yangu alikaa mtu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na koti la kanisani. Nikasema leo baiskeli yangu iko kwa fundi.

"Kumbe una baiskeli," mzee akasema.

"Ninayo, baba."

"Basi siku nyingine tutaiona."

Kwa hiyo ilinibidi niipate. Miaka ile ya sabini baiskeli mpya ilitaka kibali, kibali kilitaka mtu unayemjua, na mtu pekee niliyemjua alikuwa bado anangoja kibali chake mwenyewe. Taifa lilikuwa linajitegemea, na mimi nilikuwa nalifundisha hilo darasa la tano kila Jumatatu, kisha narudi nyumbani kwa miguu. Baiskeli iliyotumika nayo haikuonekana sokoni. Aliyekuwa nayo aliilaza chumbani, karibu na kitanda, na alipokufa ilirithiwa kabla ya shamba.

Jumamosi moja nikapanda basi kwenda Moshi mjini, nikauliza duka hadi duka, mpaka nikaelekezwa kwenye gereji ya Singasinga mmoja, mzee mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe zilizofungwa vizuri. Alizaliwa Moshi na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilimwambia natafuta baiskeli ya mkono wa pili, ya bei nafuu. Akaniuliza nafuu kiasi gani. Nikamtajia nilichokuwa nacho. Alifuta mikono kwa kitambaa, kwa adabu tu, halafu akasema, "Ipo moja."

Ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya mapipa ya oili, nami nikadhani ni kitanda cha kukunja. Alieleza kwamba iliundwa na Mzungu mmoja wa kujitolea, mwalimu wa ufundi, ambaye mgongo wake ulikuwa haukubali kukaa kwenye tandiko la kawaida. Yule bwana alikata baiskeli mbili mbovu, akazichomelea zikawa moja mbovu zaidi, na mkataba wake ulipokwisha akaiacha. Gurudumu la mbele lilikuwa dogo, la nyuma kubwa, na katikati yake kilitandikwa kiti cha turubai kilicholala. Pedali zilikuwa mbele kabisa, juu, kupita hata gurudumu. Usukani ulikuwa chini ya mapaja, na mnyororo ulikuwa wa kuunga, mrefu wa kutosha kufungia ng'ombe.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Baiskeli."

"Mbona imelala?"

"Haijalala, mwalimu. Wewe ndiye utakayelala. Unajua kuendesha ya kawaida?"

"Kidogo."

"Kidogo ni hapana," alisema, bila kunidharau. "Si neno. Anayejua ile ya kawaida, hii inamshinda, maana mwili wake unabisha. Asiyejua hana cha kubisha. Na ukianguka, si mbali."

Katika maisha yangu yote hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuona ujinga wangu kuwa sifa. Nilishawishika palepale. Yule mzee alikuwa mwaminifu, akaniambia pia kwamba breki ni moja tu, ya nyuma, nayo si nzuri, ila kwa hapa mjini itatosha. Sikumwambia nilikuwa nakwenda nayo wapi.

Pale stendi konda aliitazama, akanitazama, akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Alidhani ni machela. Nikasema hakuna mgonjwa, ni baiskeli. Akaifunga juu ya basi bila kuniamini, na abiria wawili watatu wakaniambia pole. Nilianza kukasirika tangu siku hiyo.

Nilijifunza kwenye uwanja wa mpira wa shule, jioni, wanafunzi wakishakwenda. Wiki ya kwanza nilianguka kila upande ulioruhusiwa na maumbile. Wiki ya pili nikaenda hatua thelathini bila kuanguka, na wiki ya tatu nikazunguka uwanja mzima. Niseme wazi kwamba niliipenda ile baiskeli. Sijapenda kitu cha chuma namna ile tangu wakati huo. Unalala, unanyoosha miguu, unakanyaga, na dunia inakuja yenyewe. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kwenda mahali huku anatazama mawingu.

Kisha ikafika Jumapili ya kuionyesha Kilema.

Kupanda, sikuipanda. Niliisukuma kutoka Himo mpaka juu, saa kwa saa, na njia nzima watu waliotoka misa waliniuliza kama nampelekea mtu kitanda. Wanawake walisema pole, na bibi mmoja aliniombea. Lakini nilikuwa na mpango wangu. Karibu na kwa mchumba, njia inapinda kisha inateremka kidogo hadi kwenye lango la kihamba chao, shamba la ukoo, lenye ua wa masale pande zote mbili. Nilipanga nipande pale kwenye kona, niteremke taratibu, nifike nikiwa juu ya baiskeli kama nilivyoahidi. Nikajifuta jasho, nikalala, nikakanyaga.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya njia, na koti lake na kofia, akinyoosha mgongo baada ya kanisa.

Nikashika breki. Breki ilifikiri. Mguu wa kulia wa bugaluu ukaingia kwenye mnyororo, mnyororo ukaushika, na huo ndio uliosimamisha chombo, hatua mbili kutoka tumboni mwa mzee. Nilibaki nimelala chali katikati ya njia, miguu juu, nyayo zote mbili zikimwelekea. Kiatu cha kushoto kilikuwa na kiraka cha tairi. Nilimwona mzee katikati ya viatu vyangu, nikajaribu kuinuka, suruali ikanirudisha chini.

Kwetu, mtu akikutana na mzee njiani huku yuko juu ya baiskeli, anashuka, anaishika kwa mkono mmoja, ndipo anasalimu. Kushuka nilikuwa siwezi. Kunyamaza nako ni matusi. Nikaamua kuokoa kinachookoleka.

"Shikamoo, baba," nikasema, huku nimelala.

Mzee hakuitika. Alinitazama kuanzia kiraka hadi nywele. Midomo yake ikakazana, mashavu yakaanza kutetemeka, macho yakajaa maji kwa ghadhabu. Halafu akageuka, akaingia migombani kwa haraka isiyo ya umri wake, nikamsikia kule ndani akikohoa, kikohozi kirefu kisichokwisha.

Mama mkwe alitoka mbio, akaniuliza nimeumia wapi. Mchumba wangu alikuja na kisu cha kumenyea ndizi, akaikata bugaluu kwenye goti, na hakunitazama usoni. Niliketi ndani na mguu mmoja wa suruali, nikala kiburu changu cha ndizi na maharage. Mzee alirudi baadaye, akazungumza juu ya mvua. Aliponiaga alikuwa bado hajasema marahaba.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Nilirudi chini najua kwamba msichana nimempoteza. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba yangu mdogo, ambaye ndiye angekuwa mshenga wangu, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimsalimu umelala?" akauliza.

"Suruali ilikuwa imenaswa."

"Nyayo zikamtazama?"

"Kiraka pia."

"Hapo hakuna maneno," alisema. "Hapo ni sale."

Sale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na kwenye makaburi. Kwa Wachagga aliyekosa humpelekea aliyekosewa jani hilo, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Anasamehe, yamekwisha. Baba mdogo alilipeleka Jumapili iliyofuata, nami nikatembea nyuma yake nimeinamisha kichwa. Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama kwa muda mrefu, akamtazama baba mdogo, akanitazama mimi, kisha akatazama barabara tuliyotokea.

"Mmekuja kwa miguu," alisema.

"Kwa miguu, mzee," baba mdogo akajibu kwa fahari. "Kile chombo amekwisha kukiacha."

Ilikuwa kweli. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemwachia mfanyabiashara mmoja wa pale Himo. Alichomoa magurudumu akatengeneza toroli la magunia ya mahindi, na ile fremu akaitumia kuzuia mlango wa banda la mbuzi. Nilipopita na kuiona, nilisikia uchungu wa kweli, nikajiambia ndio ukubwa huo.

Kwa miezi mitano nilipanda Kilema kila Jumapili kwa miguu. Kila Jumapili mzee alikuwa langoni, juu ya kigoda, kati ya masale yake. Nilimsalimu nimesimama wima, mikono ikionekana, naye akaitika marahaba. Kisha kila mara aliangalia nyuma yangu, kule kwenye kona, akakaa kidogo, ndipo akanikaribisha. Nilijua ananipeleleza. Alikuwa anahakikisha sijakificha kile chombo mahali. Nilimchukia kidogo kwa hilo, na nikazidi kusimama wima.

Hatimaye alinipa binti yake. Siku ya kuzungumza mahari, mbele ya vibuyu vya mbege, baba mdogo alinisifu kwamba ni kijana aliyeacha usafiri wake kwa ajili ya heshima. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Baba mkwe alitazama ndani ya kibuyu chake. Sifa hiyo ilinifuata. Hata nilipokuwa mwalimu mkuu, hata vibali vilipokuja kupatikana, sikununua baiskeli tena. Mtu mwenye jina la kutembea hana budi atembee.

Miaka ikapita. Watoto wetu watatu wakawa wanajua njia ya kwa babu yao kuliko mimi. Mwaka mmoja wa katikati ya themanini, wakati sabuni ilikuwa bado ya foleni, mzee aliteleza akivuka mfereji wa maji shambani kwake, akavunjika nyonga. Nilimkuta hospitalini amelazwa chali, mguu mmoja umening'inizwa juu kwa kamba na uzito, wayo wake ukiutazama mlango. Nikaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akaitika. Halafu akautazama mguu wake, akanitazama mimi pale mlangoni, na mashavu yake yakaanza kutetemeka. Nilikuwa nayajua mashavu yale. Nikarudi nyuma hatua moja. Ndipo nikaona kwamba mzee anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akakohoa, kikohozi kirefu, kilekile cha migombani, na muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

"Siku ile," alisema alipopata pumzi, "ningefungua mdomo niseme marahaba, kingetoka kicheko. Mzee akicheka mbele ya mchumba, mahari yamekwisha kushuka."

Nilimwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele ya mkwe, kwamba nilimletea sale.

"Ukaniletea sale," alisema. "Ningefanyaje? Ningesema sijakosewa, baba yako mdogo abaki na jani mkononi? Nikapokea. Nilijua mtaniletea na ile baiskeli siku nyingine. Nilikaa pale langoni Jumapili zote nikiingojea. Nilitaka kuijaribu."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilifikiria miezi mitano ya jasho, toroli la mahindi, banda la mbuzi, na miaka yote niliyotembea kwa sababu ya kikohozi. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakusema. Lakini na mimi nilikuwa nimeanza kwa kusema iko kwa fundi. Nikavuta kiti, nikakaa.

Mzee akatazama dari. Dari lile lilikuwa na alama ya maji pembeni.

"Ukilala hivi juu yake," akauliza, "unaona nini?"

Nikamweleza. Nilimwambia unaona mawingu, na ukiteremka Kilema majani ya migomba yanapita juu yako, moja baada ya jingine, na huoni miguu ya mtu yeyote ila yako. Nikamwambia pale uwanjani shuleni, ukielekea juu, mlima unakaa katikati ya viatu vyako viwili, na unavyokanyaga hausogei, upo tu. Nilishangaa kwamba nilikuwa nayakumbuka yote. Mzee alisikiliza, macho darini. Chini ya blanketi mguu wake mzima ulisogea, ukarudi, ukasogea tena.

"Na breki ziko wapi?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba ni moja tu, ya nyuma, na si nzuri.