Jiwe la Chama cha Kuzikana

Kila ninapopita mtaa wa Kamukuzi penye majengo mapya, harufu ya saruji mbichi hunirudisha Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi nilikokulia. Baba na wenzake wa chama cha kuzikana walikuwa wakimimina saruji ya jiwe la kumbukumbu pale chama chao kilipoanzia. Nyumba zetu zilikuwa za udongo. Saruji tuliiona makaburini tu. Mama akaja mbio kutoka shambani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu, mama watoto. Tunaandika fasi hii, hapa undugu wetu ulizaliwa."

"Sasa mukianza kuandika mawe huku, Kongo tutarudi lini?"

Saruji ilikuwa imeanza kukauka. Baba akamtazama mama, akachukua msumari, akaandika taratibu: "Undugu ulizaliwa hapa, tukiwa njiani."