Picha ya ukutani Singida na zile eyeshadow za kahawia ambazo hakuna aliyezitaka

Wakuu wa jukwaa la urembo nawasalimu, pamoja na nyie wanaume mnaopita huku kimya kimya mkijifanya mmepotea njia.

Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu na mikono yangu ilishiriki. Majina nimebadilisha, maana wenyewe bado wapo na wajukuu zao wana simu.

Juzi kuna dada aliuliza hapa avae eyeshadow gani za kila siku kazini bila kuonekana kama ametoka kwenye send-off. Mkamjibu "vaa neutral", mkamaliza. Neutral ipi? Kwenye ngozi ya nani?

Mimi ni mwanaume, arobaini nimeshaivuka, na jibu la swali hilo nililipata Singida miaka ya tisini nikiwa na brashi mkononi. Tulieni.

Nilizaliwa Mpanda. Nilipomaliza form four miguu ikaanza kuniwasha, na mpaka leo haijapoa. Nikapanda treni hadi Tabora, nikajishikiza kwa fundi mmoja wa mabango, akanifundisha kuandika majina ya maduka, baa na nyuma ya malori. Nilipoijua kazi, Tabora nikaichoka.

Treni tena, behewa limejaa, nimekalia ndoo yangu ya rangi mpaka Manyoni. Pale nilisubiri usafiri mpaka nikazoeana na mbwa wa stesheni. Mwisho nikapata lori la chumvi, nikakaa juu ya magunia, vumbi la barabara likinipiga usoni. Nilishuka Singida mjini nikiwa na rangi moja na barabara yenyewe.

(Wanaoijua Singida ya wakati ule wanaujua ule upepo. Ukiacha mlango wazi unakula ugali wenye mchanga.)

Kilikuwa kile kipindi cha ruksa. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni ya mche walikuwa wanashangaa maduka yamejaa vitu vya Dubai. Kila mwenye duka alitaka bango. Kazi nilipata siku ile ile.

Ndipo nikafika kwa dada Sauda.

Alikuwa na duka la vipodozi karibu na soko: losheni, hina, wanja, poda, na zile palette za plastiki zenye kioo kidogo kwenye mfuniko. Mumewe alikuwa amefariki na yeye ndiyo kwanza ametoka eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu akiwa eda hajipambi. Hakuna wanja, hakuna manukato, mpaka muda utimie.

Muda ulikuwa umetimia. Lakini macho ya watu yalikuwa hayajatoka eda.

Shemeji yake, Kassim, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli mtaa wa pili. Kikao cha familia kilikubali Sauda aendelee na duka, ila Kassim akaweka sharti mbele ya wote: siku mji ukianza kumsema, ufunguo unarudi kwake na duka linakuwa stoo ya baiskeli.

Sasa fikirieni. Mwanamke anauza urembo na hawezi kujipamba. Wateja walimwambia wazi kwamba yeye ni kama mpishi asiyeonja chakula chake. Kule stendi lilifunguliwa duka jingine, msichana wa kaunta amepakwa bluu mpaka kwenye nyusi, na wateja wakahamia huko.

Sauda akaona dawa ni bango. Akaniita nimchoree ukutani uso wa mwanamke aliyejipamba. Yaani ukuta ujipambe kwa niaba yake.

Nikachora. Kope za bluu, midomo myekundu, mashavu ya pinki. Hivyo ndivyo mafundi wote tulivyochora wakati ule, kuanzia Kigoma mpaka Dodoma. Picha ya kuiga sikuwa nayo, nilichora kutoka kichwani.

Tatizo ni kwamba siku zote hizo uso niliokuwa nauona ukiingia na kutoka ulikuwa mmoja.

Picha haijakauka, mama muuza vitunguu wa ng'ambo ya barabara akaja, akaitazama, akageuka kumtazama Sauda, akatazama tena ukuta.

"Sauda," akasema, "mbona umepanda ukutani ukiwa umevaa za harusi? Bwana ni nani?"

Wenzake wakacheka. Jioni soko zima lilikuwa limeshapita kuangalia.

Kassim alikuja kesho yake. Hakupiga kelele, ni mtu wa taratibu. Alisema ndugu yake hajamaliza hata mwaka kaburini na mkewe anatazamwa na kila mpita njia kama mwanamke wa dansini. Ijumaa baada ya swala angemleta mama yao kutoka Unyambwa. Bibi akisema yule ukutani ni mkwe wake, ufunguo utoke hapo hapo.

Mimi nikachukua ndoo ya chokaa nifute.

Sauda akanizuia. "Ukifuta, fundi, utakuwa umewaambia watu kwamba ni mimi, na kwamba nina la kuficha. Acha sura. Badilisha rangi. Nipake kama mtu anayekwenda kazini."

Hapo ndipo shule yangu ilipoanza.

Tulikubaliana mlango ubaki wazi. Mimi nje juu ya stuli, yeye ndani kwenye mwanga wa mlangoni na kioo cha mkononi. Anachojaribu yeye usoni, nakichanganya mimi kwenye kopo.

Alianza na palette iliyoandikwa "natural", ina rangi kama ya maziwa yenye chai kidogo. Nikaiga. Nikachukua kahawia, nikaongeza nyeupe.

Majivu matupu! Yeye akawa kama mtu aliyepuliza moto wa kuni, na yule wa ukutani akawa kama anaumwa malaria. Mama wa vitunguu akauliza kama sasa tunamchora marehemu mwenyewe.

Sisi mafundi wa mabango jambo hili tunalijua kwenye mbao lakini sikuwahi kulifikiria kwenye ngozi. Kahawia ukiitia nyeupe inakuwa kijivu. Ukitaka iwe nyepesi na ibaki hai, tia njano au nyekundu.

Nikamwambia. Akafungua droo na kutoa palette zake za zamani, zile ambazo wateja walijaribia mpaka wakamaliza bluu, kijani na pinki. Pembeni vipande vya kahawia vilikuwa vizima, havijaguswa. Watu walidhani vimewekwa kujaza boksi.

Akachagua kimoja. Akatoka nacho nje juani, akakitazama, kisha akamwomba mama wa vitunguu ganda moja kavu, lile la juu. Akaviweka pamoja kwenye mkono wake.

"Hii hapa," akasema.

Wakuu, siku hizi mnalipia darasa kwa kitu nilichokiona bure mlangoni pale. Nawapa kama alivyokuwa anafanya.

Uso umeoshwa, mafuta kidogo sana, unasubiri yanyonye. Ukipaka rangi juu ya mafuta mabichi, kufika saa sita imejikusanya kwenye mkunjo wa jicho, na kwa upepo wa Singida imeshabeba na vumbi.

Rangi ya ganda la kitunguu kwenye kope yote. Hiyo inakaribiana na ngozi yako ila ina joto kidogo. Kisha ya pili, nzito kuliko ngozi, kama asali ya Itigi iliyokaa, unaiweka kwenye mkunjo tu na kuifuta kingo kwa kidole mpaka usione inapoanzia. Ya tatu, rangi ya kahawa iliyokaangwa, unaweka kwenye pembe ya nje, kidogo, kama chumvi.

Zote ziwe matte. Zile za kumetameta aliziacha kwa ajili ya harusi.

Wanja mwembamba, poda kwenye pua na paji tu, midomo mafuta. Basi. Alimaliza kabla chai haijapoa.

Na kuchagua rangi aliwafundisha wateja wasichague chini ya taa ya duka. Toka nayo nje. Kama kwenye mkono wako inaonekana kama unga, irudishe, hata kama boksi linasema ni "nude" ya nani sijui.

Turudi Ijumaa.

Alhamisi nilipomaliza kuchora nilisimama ng'ambo ya barabara kutazama. Kabla ya hapo picha ilifanana na Sauda kiasi. Sasa, kwa zile rangi za kahawia, ilikuwa ni yeye kabisa. Nikamwambia bado kuna chokaa. Akasema tuache.

Bibi alikuja na fimbo yake, mwembamba, mrefu. Sauda akapiga goti na kumwamkia. Nami nikatoa shikamoo yangu kutoka nyuma ya stuli.

Bibi akautazama ukuta. Akamtazama mkwe wake, ambaye siku ile alikuwa amejipaka kila kitu nilichowaelezea hapo juu. Ufunguo ulikuwa juu ya kaunta, Kassim alikuwa ameshausogelea.

"Kassim," bibi akasema, "huyu mke wa ndugu yako kajipaka?"

Kassim akamtazama Sauda vizuri. "Hajapaka, mama. Yeye hana neno. Tatizo ni picha."

"Picha ina nini?"

"Imefanana naye."

"Picha ya duka lake ifanane na nani? Na muuza baiskeli?"

Mama wa vitunguu, ambaye hakualikwa, alilazimika kujifunika mdomo kwa khanga.

Bibi akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. Alisema aliambiwa kuna mwanamke wa dansini ukutani, na anachokiona ni mtu mzima aliyenawa uso. Kama Kassim ana haja ya stoo, akajenge.

Kassim akautazama ukuta tena, akainamisha kichwa, akaenda kumtafutia mama yake usafiri wa kurudi.

Alipotoka tu, bibi akamsogelea Sauda. Nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Jicho la kulia umezidisha pembeni."

Sauda akapeleka kidole pembeni ya jicho. Bibi akamgusa shavu, akacheka kidogo. Kisha akanigeukia mimi, kicheko kikiwa kimeisha.

"Kazi nzuri, kijana. Ila aliyechora hivi ametazama sana."

Akashika fimbo yake, akatoka.

Wiki zilizofuata duka lilijaa. Walimu, manesi, karani wa halmashauri, wote wanataka "zile za ukutani". Vipande ambavyo havikutakiwa vikawa ndivyo vinavyoagizwa. Sauda alikuwa anawaonyesha kwenye uso wake mwenyewe, mchana kweupe, na hakuna aliyesema lolote.

Lakini nikaanza kusikia swali jingine sokoni, la chini chini. Yule fundi, bango si limeisha? Anangoja nini?

Nikakumbuka sharti la Kassim, nikafunga brashi zangu.

Siku ya kuondoka nilipita dukani. Wateja walikuwepo, na yeye alikuwa anampaka mwalimu mmoja kope. Nikasema naondoka, kuna kazi Shinyanga. Mkono wake ulisimama kidogo juu ya kope ya yule mwalimu, kisha ukaendelea.

"Haya fundi," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "asante kwa kazi. Mungu akufikishe."

Nikamjibu, "Asante, mama Nadra." Hilo ni jina la binti yake, na ndivyo wanaume wote wa mjini walivyomwita. Mimi sikuwahi kumwita hivyo kabla.

Nimeishi miji mingi baada ya hapo. Singida sikurudi.

Nilichojifunza: rangi ya kila siku haikufichi wala haikutangazi. Inatakiwa anayekupenda aione na anayekutafutia kosa asiione. Ianzie kwenye ngozi yako, usianzie kwenye boksi.

Dada uliyeuliza, jibu lako ndilo hilo. Wengine wekeni hapa kahawia zenu mnazozitumia na ngozi zenu zilivyo, tusaidiane. Mafundi wa mabango wa zamani nanyi msijifiche.

Na wale mtakaotaka kuniuliza lile swali, najua linawawasha: ndiyo, nilimpenda. Ndiyo maana niliondoka.