Faili Zenye Sahihi Tulizoziruka

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu, na juzi uliponionyesha kompyuta yako ukasema, "Mama, hii programu haina shida, imetiwa sahihi," ilinirudia yote. Kaa nikusimulie. Chai bado ina moto.

Wakati huo nilifanya kazi katika saiba, duka la kompyuta na intaneti, ya shangazi yangu Dahabo, hapa hapa Isiolo, kwenye barabara ya kuelekea soko la mifugo. Shangazi alikuwa mwalimu hadi alipostaafu, mwanamke wa maneno machache, na hakuwahi kunipigia kelele. Mimi nilikuwa nimetoka Meru kusomea kompyuta, na wajua mwenye cheti kipya anavyotembea.

Kwa siku kadhaa mashine zetu zilikuwa zikitupa matangazo. Unafungua ukurasa wa matokeo ya mtihani, kando yake inaruka picha ya viatu, ya kamari, ya dawa za kupunguza mwili. Tukawa tunazifunga tu na kuendelea na kazi. Binadamu huzoea hata mbu.

Asubuhi hiyo akaja Mzee Galgalo kutoka Sericho, pamoja na binti yake Kabale. Walikuwa wamesafiri juu ya lori, vumbi bado liko kwenye nyusi. Kabale alikuwa amefaulu vizuri, akataka kuomba nafasi ya kusomea uuguzi, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile ile. Baba yake hakujua kusoma, lakini aliwaacha ngamia kwa ndugu yake ili aje asimame nyuma ya kiti cha binti yake, ajionee.

Kabale akajaza jina, akajaza shule. Alipobonyeza ili aendelee, ukurasa wote ukafunikwa na picha ya mwanamke aliye karibu uchi. Msichana akaficha uso. Nikakimbilia kuifunga, ikafunguka nyingine mbaya zaidi.

Mzee Galgalo hakugomba. Alimshika binti yake mkono. "Mimi nilileta msichana kutafuta shule," akasema. "Sikumleta kuona haya. Kama shule inaanza hivi, tunarudi kwa ngamia."

Kabale alilia bila sauti. Shangazi akasogea hadi pale mlangoni walipokuwa wamefika, akamsalimu mzee upya, kwa heshima, kama vile ndiyo kwanza anamwona. "Mzee, nakuomba kitu kimoja. Nenda uswali adhuhuri, ule, upumzike. Ukirudi ukute uchafu huu bado uko, nitawasindikiza mwenyewe mpaka kwa lori."

Mzee akamwacha Kabale kwenye benchi na kwenda zake.

Nikaingia kazini. Nikaiwasha programu ya kukagua virusi. Ikasema hakuna kitu. Nikarudia, hakuna kitu. "Shangazi, mashine ni safi," nikamwambia. "Shida iko kwa mtandao."

Akavuta kiti, akavaa miwani. "Nionyeshe vile unakagua."

Nikamwonyesha. Kidole chake kikasimama kwenye kisanduku nilichokuwa nimetia alama: ruka faili zenye sahihi.

"Hizi umeziruka kwa nini?"

"Zina sahihi ya kidijitali, Shangazi. Mwenye kuzitengeneza anajulikana, na hazijaguswa na mtu mwingine tangu azitie sahihi. Nikikagua zote tutachelewa."

"Sahihi imekwambia ni nani. Imekwambia anataka nini?"

Akaitazama ile benchi alipoketi Kabale, akashusha sauti.

"Nikiwa mwalimu, niliwahi kupokea barua ya mzazi akimwombea msichana ruhusa, eti nyumbani kuna mgonjwa. Sahihi ya baba ilikuwa ya kweli kabisa. Mgonjwa hakuwepo. Msichana alikuwa anaenda kuozwa, na hakurudi darasani tena. Tangu siku hiyo sahihi hainitoshi, mimi nasoma barua. Ondoa hiyo alama uanze upya."

Mwanangu, lile ndilo karipio kali kuliko yote niliyowahi kupewa, na lilisemwa kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

Nikaanza upya. Nikaiambia programu ikague kila faili, na itafute pia zile zisizo virusi lakini hazitakiwi. Safari hii ikamnasa mkosaji mwenyewe: kifaili cha matangazo, chenye sahihi halali ya kampuni ambayo hatujawahi kuisikia. Kilikuwa kimeingia pamoja na programu ya bure ya kuonyesha video, tuliyoiweka kwa mikono yetu huku tukibonyeza kubali, kubali, bila kusoma yale maandishi madogo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikakitoa katika kila mashine, nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, nikafungua kurasa moja baada ya nyingine. Kimya.

Mzee Galgalo aliporudi, Kabale aliketi tena. Baba yake aliukodolea macho ule ukurasa kama anayevizia fisi. Hakuna kilichoruka. Maombi yakaenda, jibu kwamba yamepokewa likaja, na Kabale akacheka huku akijipangusa macho.

"Kilikuwa nini hicho?" mzee akaniuliza. Nikamweleza kwamba kilikuwa na sahihi nzuri, ndiyo maana kikapita.

"Hata ngamia mgonjwa ana alama ya ukoo," akasema. "Unaona alama, halafu unamwangalia mnyama."

Kabale alipata nafasi yake. Leo ni muuguzi, na akina mama wengi wa kule kwao wamejifungua mikononi mwake. Mzee naye, kila alipokuja mjini, alipitia kwa Shangazi na maziwa ya ngamia, wakakaa wakizungumza habari za mvua.

Basi mwanangu, sikukatazi kuitazama sahihi. Itazame, na faili isiyo nayo uiogope zaidi. Lakini usome na jina la aliyeitia, ujiulize kama unamjua, maana mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Programu ichukue kwa mwenyewe aliyeitengeneza. Unapoiweka, soma kabla ya kukubali, na kile usichokiomba kikatae. Na unapokagua, usiruke faili yoyote kwa sababu imevaa vizuri. Dakika unazookoa kwa kuruka, kuna mtu kwenye benchi anayezilipia.

Mungu akupe jicho la kutazama mara ya pili, na moyo usioona aibu kuanza upya. Kazi ya mikono yako iwe na baraka, na wanaokuja kwako na shida zao waondoke wakicheka. Amina.