Rangi ya Ahti, Taa za Taisto

Taisto Rautio alikuwa fundi umeme wa malori katika jimbo la Pohjanmaa, na taa alizofunga yeye hazikuwa na tabia ya kuzimika. Kila waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma ya lori, aliufunga juu ya chuma kitupu. Alikwangua rangi, akapiga msasa, akakaza bolti, kisha akapaka grisi ili chumvi ya barabara za baridi isile chuma. Nani alimsifu? Kitu kikifanya kazi, watu hukisahau.

Sifa zilikwenda kwa Ahti, mdogo wake, mpaka rangi katika karakana hiyohiyo. Ahti alichora mbwamwitu ubavuni mwa malori, na watu walikuja na kahawa zao kumtazama. Hata mama yao alitundika sebuleni picha ya lori la Ahti. Ya Taisto haikuwapo, maana nani hupiga picha bolti? Kijicho kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kiangazi kimoja Hilkka, dereva mwenye lori lake, alilileta lichorwe na kufungwa taa za mashindano ya malori yaliyopambwa. Ahti alipaka rangi nyekundu hadi kwenye chasisi. Hilkka akamkataza Taisto asithubutu kuikwaruza. Siku nyingine Taisto angebishana naye mpaka amshinde. Safari hii alinyamaza, akafunga waya juu ya rangi, huku akijua fika kwamba rangi haipitishi umeme. Acha zizime, alisema moyoni, tuone mbwamwitu wake watatazamwa na nani gizani.

Karakanani taa ziliwaka kwa kuponea meno ya bolti, yaliyogusa chuma kwa shida. Mtikisiko wa njiani ukamaliza kazi. Jioni ya mashindano taa za lori la Hilkka zilipepesa, zikazimika, na watu hawakuuliza habari za mbwamwitu. Waliuliza taa zile kafunga nani.

"Taisto, umeniaibisha," alisema Hilkka.

Ahti alikuwa ameshaingia chini ya lori na msasa mkononi.

"Dada, usimlaumu kaka. Mimi ndiye niliyepaka chasisi, na kaka kanifundisha tangu utotoni kwamba waya hautaki rangi." Akaanza kuikwangua nyekundu yake mwenyewe. "Kaka, nikwangue mpaka wapi?"

"Mpaka chuma king'ae," Taisto alijibu, akaanza kuilegeza bolti.

Taa zikawaka, watu wakapiga makofi, na Ahti akamsukuma kaka yake mbele. Ndizo sifa Taisto alizozililia miaka yote, na hakuweza kuinua uso.